Laini ipi nichukue? Maswali ya wageni wanaohamia Dodoma

Nina meza chini ya mwamvuli, Dodoma mjini, mwendo mfupi kutoka Nyerere Square. Naweka na kutoa hela, nauza vocha, nasajili laini za simu. Tangu serikali ilipoamua kwa dhati kuhamia huku mwaka 2016, wageni hawakatiki: Mkenya aliyekuja na mradi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kutoka Burundi, fundi wa reli kutoka Uturuki, mama wa Kikongo aliyemfuata mumewe. Mkenya anaomba kredo, Mkongo anaomba yunite, na wote wanataka vocha. Maswali yao ni yaleyale, basi nimeyakusanya hapa na majibu ninayowapa pale mezani.

Mitandao iko mingapi?

Utakayokutana nayo kila kona ni mitano: Vodacom, Yas, Airtel, Halotel na TTCL. Yas ndiyo Tigo ya juzi. Ilibadili jina Novemba 2024, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, lakini mtaani utasikia "nitumie kwa Tigo" kwa miaka mingi ijayo. Airtel nayo iliwahi kuwa Celtel, ikawa Zain, ndipo ikawa Airtel mwaka 2010. Wapo wazee wanaokuja kwangu mpaka leo kuomba vocha ya Celtel, nami nawapa ya Airtel, hakuna anayebishana. Halotel ni ya kampuni ya Viettel ya Vietnam, ilianza huduma Oktoba 2015 na ilijipatia jina kwa kuingia vijijini mapema. TTCL ni shirika la umma. Vodacom ndiyo yenye laini nyingi kuliko wote.

Basi niambie tu, upi ni bora?

Anayekujibu swali hili kwa neno moja ujue anakuuzia. Mimi namuuliza mgeni maswali mawili: unalala wapi, na nani anakutumia hela? Ukishanijibu hayo, laini imeshajichagua.

Tuanze na unapolala. Dodoma ni mji uliotawanyika. Mtu anaamka Nkuhungu, anafanya kazi Mji wa Serikali Mtumba, jioni anapitia sokoni Majengo, Jumapili yuko Nzuguni kwa shemeji. Katikati kuna vilima, na kilima hakipitishi mawimbi ya simu. Mnara unaweza kuwa unauona kwa macho ukiwa barabarani, ukashuka bondeni nyumba kumi mbele ukakuta simu inatafuta mtandao kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Halafu kuna suala la masafa. Masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, yanasafiri mbali na yanapenya ukuta vizuri zaidi. Ya juu, kama 2600 na 3500, yanabeba data nyingi kwa kasi lakini hayafiki mbali na ukuta yanauogopa. Ndiyo maana ile 5G unayoiona kwenye bango inaweza kuruka vizuri ukiwa barazani, ukiingia ndani simu ikarudi 4G au hata 3G. Vodacom ndiyo iliyotangulia kuwasha 5G nchini, Septemba 2022, na wengine wakafuata, lakini kwa mgeni aliyepanga chumba kimoja cha katikati ya nyumba, herufi hizo za kwenye bango zisimwumize kichwa.

Kuna dada mmoja kutoka Kampala alipanga Ilazo, nyumba mpya, nzuri, dari ya zege. Alikuja kununua laini, akataja mtandao aliokuwa akiusikia kwenye matangazo. Sikumbishia. Baada ya siku tatu karudi, kakasirika: barazani vijiti vya mtandao vinne, chumbani hamna hata kimoja. Alikuwa anapokea simu za kazini kwao amesimama nje saa tano usiku, kajitanda khanga, na upepo wa Dodoma wa Julai mnaujua. Nikamwuliza jirani yako wa mlango wa pili anatumia nini? Hakuwa amemuuliza. Alipomuuliza, ikawa mtandao mwingine kabisa, na unashika mpaka bafuni. Akachukua huo, na ile ya kwanza akaiacha kama laini ya pili.

Nitapimaje kabla ya kununua?

Kwa mdomo kwanza. Ukifika kuangalia chumba, baada ya kuuliza maji na umeme, uliza na hili. Si swali la ajabu.

"Shikamoo mama."
"Marahaba. Umekuja kuona chumba?"
"Ndiyo mama. Samahani, hapa kwenu mtandao gani unashika vizuri ndani?"
"Mimi natumia huu. Yule kijana wa huko nyuma ana mwingine, yeye ndiye anayeangalia mpira kwenye simu. Mgonge umuulize."

Mwamini huyo anayeangalia mpira. Kupiga simu mtandao wowote unaweza, ila mechi inayotiririka bila kukatika ndiyo kipimo.

Pili, azima simu ya mtu yenye laini hiyo, ingia chumba cha kulala, funga mlango, piga simu, kisha fungua video. Fanya hivyo kati ya saa mbili na saa nne usiku. Saa nne asubuhi kila mtandao ni mzuri kwa sababu watu wako kazini. Usiku mtaa mzima uko kwenye mnara mmoja, na mnara ukijaa hata vijiti vyote vikiwepo intaneti inakwenda kwa kujikongoja. Walioko karibu na hosteli za UDOM wanalijua hili kuliko mimi. Vilevile kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti linapokaa, mji unajaa wageni. Ukipima Februari usije ukanilaumu Mei.

Mimi si raia. Nasajili kwa kitu gani?

Laini zote Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole. Utaratibu huu ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Raia anatumia namba yake ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Mgeni wa muda mfupi anatumia pasipoti. Ukiwa na kibali cha kuishi unaweza kuomba kitambulisho cha mgeni mkaazi, maana NIDA hutoa vya aina tatu: cha raia, cha mgeni mkaazi na cha mkimbizi.

Njoo na pasipoti yenyewe. Picha yake kwenye simu haitoshi, na nakala iliyopigwa steshenari huko Kigoma ndiyo kabisa. Na nikushauri jambo ambalo linaninyima kamisheni: kwa usajili wa pasipoti, nenda duka la kampuni yenyewe. Sisi wa barabarani tumezoea namba za NIDA, na mara nyingi ukija na pasipoti tutakuelekeza huko huko dukani.

Ukiwa hapo, tazama jina linavyoandikwa kwenye mashine. Majina ya Burundi, Rwanda na Kongo yanageuzwa sana, la ukoo linakaa nyuma, la kwanza linakaa katikati, herufi moja inadondoka. Leo utaona ni jambo dogo. Siku bosi anakutumia mshahara kwa simu, jina linatokea si lako, anasita, anaghairi, anakupigia kukuuliza wewe ni nani hasa.

Ukibadilisha pasipoti au ukipata kibali kipya, rudi dukani wahuishe taarifa zako. Usisubiri laini ifungwe ukiwa katikati ya safari.

Kwa nini msajili ananiambia niweke kidole mara ya pili na ya tatu?

Wakati mwingine ni kweli mashine haijasoma. Mafundi ujenzi, wakulima, kinamama wanaofua sana, vidole vyao vinalika na mashine inagoma. Lakini wakati mwingine unasajiliwa laini mbili bila kujua.

Yalinikuta mimi mwenyewe kabla sijawa wakala. Kijana wa promosheni ya kampuni moja, nisiyoitaja, alinikuta stendi. Mchangamfu, fulana mpya, maneno matamu. Nikaweka kidole gumba. "Haijasoma bro, futa jasho." Nikafuta kwenye suruali, nikaweka tena. "Kidogo tu, weka cha shahada." Nikaweka. Laini ikatoka, nikaondoka nimefurahi na dakika zangu za bure. Miezi miwili baadaye nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua ananitukana kwamba nimemtapeli elfu themanini. Kuangalia, kuna namba nyingine imesajiliwa kwa jina langu. Kuifuta kulinichukua safari tatu za dukani na maelezo mengi, na yule kijana wa fulana sikumwona tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Kidole kikigoma, mwambie akuonyeshe kioo cha mashine kinachosema kimegoma. Ukiondoka, siku hiyo hiyo bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Ukikuta usiyoijua, rudi dukani ifutwe kabla haijafanyiwa kazi. Mimi wateja wangu nawabonyezesha *106# palepale mbele yangu. Wakala anayekataa kufanya hivyo, nyanyuka nenda meza ya pili.

Naruhusiwa laini ngapi?

Kanuni za usajili za 2020 zilimpa mtu binafsi laini moja kwa kila mtandao. Aliyetaka ya pili kwenye mtandao uleule, alieleza sababu. Kwa mgeni wa kawaida hilo si tatizo, mitandao miwili tofauti inatosha. Laini moja kwa ajili ya chumbani, nyingine kwa ajili ya hela au safari. Karibu kila simu inayouzwa hapa inabeba laini mbili, hata kitochi.

Simu yangu nimekuja nayo. Itafanya kazi?

Kama haikufungwa na kampuni ya huko ulikotoka, itafanya. Simu nyingi zinazotoka Marekani na baadhi ya nchi za Ulaya huwa zimefungwa kwa mtandao mmoja. Ifungue huko huko kabla ya kupanda ndege, fundi wa hapa atakutoza na huenda asiiweze.

La pili ni uhalali wa simu yenyewe. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, watu wakaamka asubuhi wana matofali mikononi. Bonyeza *#06#, utaona namba ya tarakimu 15. Itume kwa ujumbe kwenda 15090, utajibiwa simu hiyo ni ya aina gani. Ukiambiwa ni modeli tofauti na uliyoshika, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na ukinunua simu ya mkononi kwa mtu hapa mjini, piga hiyo *#06# kabla hujatoa hela.

Niweke salio au ninunue bando (kifurushi)?

Bando. Salio lisilo na bando linakatwa kwa bei ya kawaida, na mtu akifungua intaneti kwa salio tupu elfu mbili inayeyuka hajamaliza kusoma salamu za asubuhi. Weka vocha, jiunge kwanza, ndipo uwashe data.

Menyu za vifurushi ziko hivi: Vodacom *149*01#, Airtel *149*99#, Yas *147*00#, Halotel *148*66#, TTCL *148*30#. Kuangalia salio ni *102# na huduma kwa wateja ni 100, mtandao wowote.

Bei sikuandikii kwa sababu zinabadilika, ila nikufundishe kusoma. Ukiona "dakika 50" uliza za mitandao yote au za mtandao huohuo? Tofauti ni kubwa, na maandishi yanayoitofautisha ni madogo. Ukiona gigabaiti nyingi kwa bei ya kutupa, angalia saa: huenda ni za usiku wa manane hadi alfajiri. Wanafunzi wanazipenda hizo, wanashusha vitu vyao saa tisa usiku na kusinzia darasani. Bando la siku nalo si la mpaka usiku wa manane kwa kila mtandao, mengine yanahesabu saa 24 tangu ulipojiunga. Soma ujumbe unaokuja, umeandikwa saa ya mwisho.

Mwaka 2021, baada ya kelele nyingi za wananchi kuhusu vifurushi, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilitoa masharti. Kampuni lazima ikujulishe ukifikia asilimia 75 ya matumizi na tena ukifika 100, na isikukate salio nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Ukikatwa bila kuulizwa, una haki ya kulalamika.

Wengi wanaosema "bando langu limeibiwa" ukikagua simu zao unakuta picha zinapandishwa zenyewe, programu zinajihuisha zenyewe, na video zinacheza zenyewe kila unapopitisha kidole. Zima hayo matatu. Nimewazimia watu wengi, bure, na wamepunguza kuja kwangu kununua vocha. Basi tena.

Mikopo ya vocha na ya bando ipo kila mtandao. Inasaidia saa sita usiku mtoto akiumwa. Kuifanya mazoea ni kununua kila bando kwa bei iliyozidi, kwa sababu ukiongeza salio tu wanakata deni na ada juu yake.

Na hela? Hapa kila mtu anasema "nirushie".

Hapa ndipo mgeni anapotakiwa kutumia akili zaidi, kuliko hata intaneti. Kwa simu utalipa umeme wa LUKU (wa kulipia kabla), maji ya DUWASA, ada, kodi ya nyumba, bodaboda, nyama. Ofisi za serikali hazipokei fedha mkononi, unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu au benki.

Kila mtandao una huduma yake: M-Pesa ya Vodacom, iliyoanza hapa 2008, ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, Halopesa *150*88#, T-Pesa ya TTCL *150*71#. Tangu 2014 mitandao ilianza kufungua milango ya kutumiana moja kwa moja, na leo unatuma kutoka yoyote kwenda yoyote. Makato ndiyo yanayotofautiana. Kutuma ndani ya mtandao mmoja, kutuma mtandao mwingine, kulipa muuzaji kwa namba yake ya malipo (lipa namba) na kutoa kwa wakala, kila kimoja na bei yake. Kama mwajiri wako, mwenye nyumba na muuza duka wa jirani wote wako mtandao mmoja, kuwa tofauti nao ni gharama ndogondogo kila siku. Ndiyo maana lile swali langu la pili.

Wakenya wanaulizia M-Pesa yao. Ya hapa ni akaunti nyingine, namba nyingine, shilingi nyingine. Ila tangu 2015 unaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda ya Vodacom Tanzania na kurudi. Ukiwa na ndugu Kenya, hiyo peke yake inaweza kukuamulia laini.

Wakala ananiambia "sina floti". Ni nini hiyo?

Floti ni hela iliyo ndani ya simu yangu ya uwakala. Ukitaka kuweka hela, mimi napokea noti zako na kukutumia floti yangu. Ikiisha, siwezi kukuwekea hata droo ikiwa imejaa noti. Ukitaka kutoa, inageuka: napokea floti, natoa noti, na noti zikiisha nakwambia "hela hakuna". Mwisho wa mwezi watumishi wote wanatoa, noti zinakauka ikifika saa tano asubuhi. Ukiwa na hela nyingi ya kutoa, njoo mapema au nipigie jana yake.

Namba ya siri usinitajie, hata nikikuomba. Wageni wengi wananikabidhi simu na kusema "nifanyie tu wewe". Nawarudishia.

"Tuma na ya kutolea" maana yake nini?

Maana yake mtu anataka elfu kumi kamili mkononi, kwa hiyo uongeze na makato ya wakala. Ukimtumia mama mkwe elfu kumi kavu, hatasema kitu. Atakumbuka tu.

Nimepokea ujumbe: "ile hela itume kwenye namba hii". Nitume?

Usitume. Ni matapeli, wanatuma kwa maelfu ya namba wakitumaini mmoja wenu kweli anatarajia kumtumia mtu hela. Kuna ndugu yao anayejifanya mwenye nyumba: "kodi yangu tuma namba hii, ile nyingine ina shida." Huyu ni hatari kwa mgeni, kwa sababu mgeni kweli anadaiwa kodi. Mpigie mwenye nyumba kwa namba yake unayoijua, mwamkie, muulize. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na anayekupigia kusema ametuma hela kwako kimakosa, angalia salio lako mwenyewe kwanza. Ujumbe wa "umepokea" unaweza kuandikwa na mtu yeyote.

Nikisafiri nje ya mji itakuwaje?

Barabara kuu ya kwenda Morogoro, kupitia Chamwino na Kibaigwa, utapata mawasiliano sehemu kubwa ya njia. Vivyo hivyo ya Singida kupitia Bahi na Manyoni, na ya Kondoa. Ukiacha lami ndipo mambo yanabadilika. Vijiji vya Mpwapwa vilivyofichwa na milima, ama bonde la Bahi wakati wa mpunga, ni bora kuwa na laini mbili za kampuni tofauti kuliko moja ya bei kali. Hali inaboreka. Mei 2023 ulisainiwa hapa Chamwino mradi wa minara 758 katika kata 713 nchini, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Lakini kabla ya kwenda kufanya utafiti wa miezi mitatu kijijini, mpigie mtendaji wa kijiji umuulize. Akipokea simu haraka, muulize anatumia laini gani. Umeshapata jibu.

Kwenye treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa ya Dar es Salaam, usipange kikao cha video wakati mnapita milima ya Kilosa.

Nikipiga Nairobi au Kampala?

Kenya anza na 005, Uganda 006, badala ya +254 na +256. Rwanda, Burundi na Kongo piga na namba zao za kimataifa kama kawaida. Tafuta bando la nje kwenye menyu kabla ya kupiga. Wengi wanapiga kwa WhatsApp na maisha yanaendelea.

Nikichoka na mtandao wangu, namba nitaipoteza?

Hapana. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako. Unakwenda duka la mtandao unaohamia na kitambulisho chako, wao wanashughulika. Kabla hujahama toa hela zote zilizo kwenye simu, maliza bando na ulipe mikopo, kwa sababu hivyo havihami nawe. Matokeo yake ni kwamba siku hizi 075 si lazima iwe Vodacom wala 068 Airtel. Ukituma hela, soma jina linalotokea, namba haikwambii kitu.

Intaneti ya nyumbani?

TTCL na kampuni nyingine wanavuta faiba kwenye baadhi ya mitaa. Kama nguzo ziko mlangoni kwako na unafanyia kazi nyumbani, vuta. Vinginevyo chukua ruta ya laini, iweke dirishani upande wa mnara, mbali na friji.

Vipi VPN?

Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN, programu inayoficha njia ya intaneti yako, kwa kazi zao wajisajili. Kama ofisi yenu ya nje inakutaka uwe nayo, waambie watu wenu wa sheria walifuatilie hilo kabla hujaanza kazi.

Laini imepotea, nifanyeje?

Piga 100 kwa simu ya mtu, ifungwe pamoja na akaunti ya hela. Kisha nenda dukani na kitambulisho kilekile ulichosajilia, urudishiwe namba. Usilale nayo. Mwizi akiijua namba yako ya siri, usiku mmoja unamtosha.

Nikidhulumiwa?

Anza na kampuni yenyewe, piga 100, dai namba ya lalamiko na uiandike pamoja na tarehe. Bila namba hiyo utaanza upya kila ukipiga, kila mara na mtu mwingine mpole. Wasipokusikiliza, nenda TCRA. Wana ofisi ya kanda hapa Dodoma.

Nimepata laini mpya lakini napigiwa na watu wasionijua.

Namba hiyo ilikuwa ya mtu. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, namba ikapewa mwingine, na wadai wa mwenyewe wa zamani hawakuarifiwa. Wajibu kwa upole, watachoka wenyewe. Wengi wao. Laini yangu ya pili ina mwaka wa nne sasa, na bado kuna mzee wa Kibaigwa ananipigia kila msimu wa mahindi kuniuliza bei ya gunia mjini. Mwanzo nilikuwa namwambia amekosea namba. Siku hizi navuka barabara, nauliza, nampigia namwambia.